Dondoo, Diwani na Koja: Maana na Asili ya Majina ya Makusanyo ya Fasihi

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa kila siku katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, pasipo kuulizwa zilikotoka, ni majina ya vitabu vinavyokusanya tungo nyingi au vipande vya tungo mahali pamoja. Kitabu cha mashairi ya mtu mmoja huitwa diwani. Kitabu cha mashairi ya watu kumi nacho huitwa diwani. Katika shule za Kenya, kitabu cha hadithi fupi za waandishi mbalimbali pia huitwa diwani, na hata kitabu cha kiada chenye vipande vilivyokatwa kutoka riwaya na tamthilia hakikosi mwalimu wa kukiita hivyo. Neno moja limebebeshwa mizigo minne.

Wakati huohuo lipo neno jingine, dondoo, ambalo kwa maana na kwa umbo ndilo hasa jina la kipande cha fasihi kilichotolewa mahali pake na kuwekwa penginepo. Neno hili limeachiwa chumba cha mtihani, na nje ya chumba hicho wahakiki hulitaja kwa nadra kama istilahi inayostahili kuchunguzwa.

Makala haya yanakusudia kuyarudia maneno hayo mawili, pamoja na la tatu, koja, ambalo Shaaban Robert alilitumia katika jina la kitabu na ambalo halikupata wafuasi wengi. Itaonekana kwamba kila moja kati ya maneno haya lina wajibu wake. Diwani lina wajibu wa kuhifadhi, dondoo lina wajibu wa kuteua, na koja lina wajibu wa kupanga. Wajibu hizo zinapochanganywa chini ya jina moja, msomaji hunyimwa haki ya kuuliza ni nani aliyechagua, amechagua kutoka wapi, na ameacha nini.

Asili ya neno diwani

Kwamba neno diwani lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya Kiarabu ni jambo lisilo na ubishi. Hata hivyo, Kiarabu nacho kililipokea kutoka Kiajemi, ambako lilihusiana na kazi ya makarani na maandishi yao. Ibn Khaldun, kama wengine waliomtangulia, alisimulia kisa cha mfalme wa Uajemi aliyewakuta makarani wake wakihesabu kwa kunong'ona peke yao, akawafananisha na wendawazimu kwa neno la Kiajemi linalokaribiana kwa sauti na diwani. Kisa hicho kinafurahisha, lakini ni cha aina ile ya asili za maneno ambazo watu huzitunga baadaye ili kufafanua neno ambalo tayari wanalo. Lenye thamani ndani yake ni picha ya makarani: diwani, tangu mwanzo, ni neno la daftari na hesabu.

Katika karne ya 7 Khalifa Umar bin Khattab alianzisha diwani kwa maana ya orodha iliyoandikwa majina ya askari na wengine waliostahili kulipwa posho kutoka hazina. Kutoka daftari, neno likahamia kwenye ofisi inayotunza daftari, kisha kwenye baraza la wakuu wanaokutana katika ofisi hiyo. Katika nchi za Ulaya zilizofanya biashara na Waarabu neno likachukua maana ya forodha, kwa sababu huko nako palikuwa na daftari la bidhaa na ushuru. Maana zote hizo zimefungwa kwa uzi mmoja, nao ni kuandikwa ili kisipotee kitu, na ili mwenye haki yake aipate.

Ni kwa maana hiyo Waarabu walisema kwamba ushairi ndio diwani yao. Waliosema hivyo hawakuwa wakifikiria kitabu cha mashairi. Walimaanisha kwamba kabla ya kuwa na madaftari, habari zao za nasaba, vita, sifa na aibu zilihifadhiwa katika beti. Baadaye wanazuoni walipoanza kukusanya tungo za washairi wa kale kutoka vinywani mwa wapokezi, kila mshairi akatengenezewa daftari lake, na daftari hilo likaitwa diwani ya fulani. Waajemi na Waturuki wakaipokea desturi hiyo na kuitia utaratibu wa kupanga mashairi kwa herufi za vina. Sifa ya diwani ya namna hii ilikuwa ukamilifu, kwani mkusanyaji alitarajiwa kuleta kila alichokipata cha mshairi wake, kizuri na kisicho kizuri.

Yafaa ikumbukwe kwamba hata katika Kiarabu neno halikubaki safi. Katika karne ya 9 mshairi Abu Tammam alikusanya vipande vya mashairi ya washairi wengi, akavipanga kwa milango kulingana na maudhui, na kitabu chake kikajulikana kwa jina la mlango wa kwanza, Hamasa, yaani ushujaa. Baadaye watu walikiita Diwani ya Hamasa. Mtu aweza kusema kwamba hapa diwani limetumika kwa mkusanyiko wa vipande vilivyoteuliwa, na kwamba kwa hiyo matumizi ya shule za Kenya yana mfano wa kale. Hoja hiyo ina uzito, lakini katika mfano huo huo mteuzi hakufichwa. Kila aliyekisoma kitabu alijua kwamba anasoma chaguo la Abu Tammam, na wapo waliosema kwamba ustadi wake wa kuchagua ulizidi ustadi wake wa kutunga. Jina la diwani halikumfunika mwenye mkono uliochagua.

Diwani katika Kiswahili

Kiswahili kililipokea neno hili kwanza kwa maana ya utawala. Watawala wa Vumba Kuu walijulikana kwa cheo cha diwani, na katika miji ya Mrima palikuwa na madiwani kabla ya kuja kwa serikali za kikoloni. Maana hiyo haijafa. Nchini Tanzania diwani ni mwakilishi wa kata katika halmashauri hadi leo, na nchini Kenya neno hilo lilitumika rasmi kwa wajumbe wa mabaraza ya miji na wilaya hadi mwaka 2013, mabunge ya kaunti yalipoanza kazi chini ya katiba ya mwaka 2010. Kwa Mswahili wa kawaida, basi, diwani ni mtu kabla ya kuwa kitabu. Hapana sadfa nzuri zaidi kuliko ile ya Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Mwenye diwani akawa mkuu wa madiwani.

Kwa upande wa vitabu vilivyopigwa chapa, neno linaonekana kwa nguvu mwaka 1940, William Hichens alipotoa Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy katika mfululizo wa vitabu vya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kabla ya hapo, Wazungu waliokusanya fasihi ya Waswahili waliita vitabu vyao kwa majina ya kwao. C. G. Büttner, kwa mfano, alitumia neno la Kigiriki, antholojia, kwa mkusanyiko alioutoa Berlin mwaka 1894. Hichens alikwenda kinyume na mtindo huo na kumpa Muyaka jina la heshima ambalo washairi wa Kiarabu na Kiajemi walipewa. Kwa jina hilo Muyaka alitangazwa kuwa mshairi mwenye daftari lake.

Lakini yafaa kutazama jinsi daftari hilo lilivyopatikana. Muyaka aliishi Mombasa kati ya miaka ya 1776 na 1840 hivi. Hakuacha kitabu. Mashairi yake yalikaa katika kumbukumbu za watu wa Mvita kwa nusu karne, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alipoyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akisaidiana na mmishonari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor ziliishia London, na Hichens akazitumia huko. Kwa hiyo kile kinachoitwa diwani, yaani daftari kamili la mshairi, kwa kweli ni masazo. Ni beti zile ambazo watu walipenda kuzikumbuka, zilizookotwa na mwalimu mmoja mwenye masikio mazuri, kisha zikapangwa na mhariri ambaye hakuwahi kumsikia mshairi wala mpokezi wake.

Kuna upungufu mwingine ambao jina la diwani linausitiri. Mashairi mengi ya Muyaka ni nusu ya mazungumzo. Alitunga katika zama za ugomvi baina ya Mombasa ya Wamazrui, Lamu, na Seyyid Said wa Oman na Unguja, na malenga wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, walijibizana naye. Shairi la kujibizana ni kama mchezo wa bao, hauchezwi na mtu mmoja. Diwani ya mshairi mmoja, kwa desturi yake, humchukua mchezaji mmoja na kumwacha mwenzake nje ya ubao. Msomaji asiyejua hilo huyasoma majibu akidhani ni maneno yaliyoanza yenyewe. Kazi ya Mohamed Hassan Abdulaziz juu ya Muyaka, iliyotoka Nairobi mwaka 1979, ilikuwa na faida kubwa kwa sababu iliyarudisha mashairi hayo katika historia na mazingira ya mji uliyoyazaa.

Mfano ulio bora zaidi wa neno hili katika Kenya ni Malenga wa Mvita, kitabu kilichotoka mwaka 1971 na ambacho jina lake la pili ni Diwani ya Ustadh Bhalo. Hapa mshairi, Ahmad Nassir Juma Bhalo, alikuwa hai, na mhariri, Shihabuddin Chiraghdin, alijitokeza wazi kwa utangulizi na kwa ufafanuzi wake. Msomaji anajua ni nani aliyetunga, ni nani aliyepanga, na maneno yapi ni ya nani. Hilo ni daftari lenye sahihi mbili.

Kwa upande mwingine, mfululizo wa Diwani ya Shaaban, uliotolewa na kampuni ya Nelson katika miaka ya 1960 baada ya Shaaban Robert kufariki mwaka 1962, ulipanua maana ya neno kuliko wengi wanavyokumbuka. Ndani ya mfululizo huo yalitiwa mashairi, insha, hata habari za maisha ya mwandishi. Wanaolalamika leo kwamba ni kosa kuiita hadithi fupi diwani kwa kuwa diwani ni ya ushairi peke yake hawana budi kuukumbuka mfano huo. Kigezo cha diwani ni utunzaji wa kazi za mtu, ziwe za nathari au za ushairi. Kosa, kama lipo, haliko katika nathari. Liko katika kutumia jina la daftari la mtu mmoja kwa kitu ambacho si daftari la mtu yeyote.

Umbo na maana ya dondoo

Neno dondoo halina safari ndefu za baharini. Limetokana na kitenzi dondoa kwa kubadili irabu ya mwisho, kama vile chaguo lilivyotokana na chagua, pato na pata, fumbo na fumba, tendo na tenda. Kudondoa, katika matumizi ya nyumbani, ni kuokota kitu kidogo kidogo, kimoja kimoja, kama mtu aokotavyo punje za mchele zilizomwagika mkekani. Kudonoa ni kazi ya mdomo wa kuku, na kudondoa ni kazi ya vidole na macho ya mtu. Anayedondoa anaona, anachagua, anainua, na anaweka.

Kitenzi hiki kina mwenzake, dondoka. Uhusiano wao ni ule wa chomoa na chomoka, ng'oa na ng'oka, pasua na pasuka. Katika jozi hizi kitenzi cha kwanza kina mtendaji na mtendwa, na cha pili humwonyesha mtendwa peke yake, mtendaji akiwa ameondolewa. Embe lililodondoka limeanguka lenyewe, na hakuna wa kuulizwa. Punje iliyodondolewa ina mtu aliyeiokota. Sarufi ya Kiswahili imeliweka dondoo upande wa kitenzi chenye mtendaji. Dondoo ni tokeo la mkono wa mtu, na anayelitumia kana kwamba kipande kimeanguka chenyewe kutoka kitabuni anakwenda kinyume cha neno lenyewe.

Katika vyumba vya habari neno hili limezoeleka katika ngeli nyingine, na husemwa dondoo za habari, dondoo za michezo, kwa maana ya habari fupi fupi. Katika karatasi ya mtihani husemwa dondoo hili, na wingi wake madondoo. Tofauti hiyo ya ngeli inaonyesha tofauti ya mtazamo. Katika habari, dondoo ni vitu vidogo vingi vinavyopita, na katika fasihi dondoo ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa makini. Lina tofauti pia na nukuu. Anayenukuu hubeba maneno ya mwingine ili kuithibitisha hoja yake mwenyewe, ilhali anayedondoa hutoa kipande ili kipande hicho chenyewe kisomwe.

Inashangaza kuona kwamba Kilatini kilikuwa na picha iliyo karibu sana na hii. Analekta, neno linalotumiwa katika lugha za Ulaya kwa mkusanyiko wa vipande vya maandishi, lina asili ya Kigiriki katika kitenzi cha kuokota, na Warumi walilitumia pia kwa mtumwa aliyeokota makombo baada ya karamu. Tofauti iko katika kilichookotwa. Mtumwa wa Kirumi aliokota masalio ya chakula cha wengine. Mwenye kudondoa katika Kiswahili huokota punje nzima, ambayo bado yaweza kupikwa, na yaweza hata kupandwa.

Koja

Neno la tatu ni koja. Wagiriki waliita mkusanyiko wa mashairi antholojia, yaani uchumaji wa maua, na Meleager wa Gadara, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, aliuita mkusanyiko wake shada, akimfananisha kila mshairi na ua lake. Lugha za Ulaya zimelichukua neno hilo, na Kiswahili nacho kimeanza kulichukua katika umbo la antholojia, ingawa mwenyewe kilikuwa na picha iliyo kamili zaidi.

Katika Kiswahili kitenzi tunga humaanisha kuzipitisha shanga au maua katika uzi, na ndicho hicho hicho kinachotumika kwa kubuni shairi. Shairi lenyewe ni utungo. Basi mtu anapochukua tungo za watu wengi na kuzipanga katika kitabu kimoja, anafanya kwa mara ya pili kazi ambayo kila mshairi ameifanya mara ya kwanza. Anatunga zilizotungwa. Koja la asumini ni maua mengi kwenye uzi mmoja, na uzuri wake hautokani na ua moja moja peke yake, bali pia na mfuatano na mkono uliofunga fundo. Shaaban Robert alipokiita kitabu chake Koja la Lugha aliliona jambo hilo, ingawa alilitumia kwa kazi zake mwenyewe.

Ali A. Jahadhmy, katika mkusanyiko wake wa miaka ya 1970, alichagua jina Kusanyiko la Mashairi, na jina la Kiingereza lililofuatana nalo likabeba neno la Kigiriki. Kusanyiko ni neno sahihi lakini halisemi lolote juu ya mpango. Kuni hukusanywa, na watu hukusanyika sokoni. Koja lingalisema kwamba kuna uzi.

Dondoo darasani

Suala hili halingekuwa na uzito kama lingehusu majina tu. Uzito wake umo katika namna wanafunzi wanavyofundishwa kusoma. Tangu mtihani wa KCSE ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, Kiswahili kimekuwa somo la lazima, na karatasi ya fasihi imemfikia kila mtahiniwa wa kidato cha nne. Katika karatasi hiyo swali lililozoeleka sana kuhusu riwaya, tamthilia na hadithi fupi ni lile linalotoa maneno machache ya mhusika, kisha likamtaka mtahiniwa aeleze muktadha wa dondoo kwa alama nne. Nne hizo zina mahali pake: msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya kusema.

Nia ya swali hili ni njema. Linamtaka mwanafunzi arudishe punje kwenye ghala lake. Lakini swali linaloulizwa kila mwaka kwa namna moja huzaa namna moja ya kusoma. Miongozo imeandikwa ambayo imekwisha kudondoa kabla ya mtihani kudondoa, na mwanafunzi huikariri orodha ya maneno ya wahusika pamoja na majibu manne ya kila moja. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kupata alama zote nne pasipo kukifungua kitabu. Muktadha umegeuka kuwa anwani. Anajua nyumba iko wapi, lakini hajapata kuingia.

Hatari ya jambo hili huonekana zaidi katika ushairi. Chukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, kilichotoka mwaka 1973. Mashairi yake yalitungwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, baada ya mshairi kufungwa kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? Ndani yake limo shairi liitwalo Mamba, ambalo kwa juu lamhusu mnyama wa majini aogopwaye na watu. Likidondolewa na kuwekwa katika kitabu cha darasa miongoni mwa mashairi ya wanyama, mwanafunzi atajifunza habari za mamba. Likisomwa mahali pake, katikati ya mashairi ya mfungwa, mamba anageuka, na msomaji anajua ni nani anayesemwa bila ya kutajwa. Hakuna neno hata moja lililobadilika baina ya kusoma huku na kule. Kilichobadilika ni majirani wa shairi.

Katika kitabu hicho hicho limo Mnazi: Vuta N'kuvute, ambalo ni mabishano ya Alii na Badi wanaogombea mnazi. Kila mmoja ana hoja zake, na nguvu ya shairi imo katika kuvutana kwao. Ubeti mmoja ukitolewa na kuandikwa chini yake jina la mshairi, mshairi atakuwa amesemeshwa maneno ya mhusika mmoja, na pengine yale asiyokubaliana nayo. Hapo dondoo limevuka mpaka wa kufupisha na kuingia katika kushuhudia uongo, ingawa kila neno lililoandikwa ni la kweli.

Vitabu vya hadithi fupi navyo vina lao. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, kilichohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed mwaka 2007, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, kilichohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016, vyote viwili vimesomwa na maelfu ya wanafunzi kwa jina la diwani. Majina yao yamefuata desturi ile ile iliyokipa jina kitabu cha Abu Tammam, ambayo huitwaa sehemu moja na kuifanya kichwa cha zote. Vitabu hivi, kwa asili yake, ni makoja. Waandishi ni wengi, na wahariri ndio walioshika uzi. Lakini ni mara chache mwanafunzi kuulizwa kwa nini hadithi hii imetangulia ile, au ni sauti zipi zimeachwa nje. Jina la diwani limemfanya afikiri kwamba anasoma daftari, na daftari haliulizwi sababu za mpangilio wake.

Utetezi wa dondoo

Itakuwa si haki kuishia hapo, kwani dondoo lina watetezi wake ndani ya mapokeo ya Kiswahili yenyewe. Malenga wa pwani waliusifu ubeti unaojitosheleza, wenye maana iliyotimia hata ukisimama peke yake. Ubeti wa namna hiyo hutoka barazani ukaenda sokoni, ukatumika kuonya, kutongoza au kusuluhisha, na anayeutumia pengine hajui shairi lilikuwa na beti ngapi. Hivyo ndivyo mengi ya Muyaka yalivyosalimika. Kama watu wa Mombasa wangalikataa kudondoa, wakashika kwamba shairi ni zima ama si kitu, Mwalimu Sikujua asingalikuwa na la kuandika. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile leo kinaitwa diwani.

Kwa hiyo dondoo na diwani si maadui. Diwani nyingi za fasihi ambayo mizizi yake ni ya kusemwa huanza kama madondoo, na diwani nyingi huishia kuwa madondoo tena katika vinywa vya watu. Kinachotakiwa ni kila hatua ijulikane kwa jina lake. Mkusanyaji aliyeokota masazo aseme kwamba ameokota, wapi na kwa nani. Kusema hivyo hakupunguzi heshima ya mshairi wala ya kitabu. Kunampa msomaji anayefuata mahali pa kuanzia ikiwa punje nyingine zitaonekana.

Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, yafaa istilahi hizi zipewe mipaka. Diwani libaki kuwa jina la kazi za mwandishi mmoja zilizotunzwa kwa nia ya ukamilifu, ziwe za ushairi au za nathari, na mhariri wake akiri upungufu wake. Koja litumike kwa mkusanyiko wa kazi nzima za waandishi wengi, na mwenye kulitunga aeleze uzi wake katika utangulizi. Dondoo, na wingi wake madondoo, litumike kwa vipande vilivyokatwa kutoka kazi kubwa zaidi, na kila kimoja kiambatane na jina la kazi, jina la msemaji ndani ya kazi hiyo, na jina la aliyekitoa. Wanaopendelea antholojia hawatazuiwa kulitumia, maadamu wanakumbuka kwamba ndani yake mna maua na mchumaji.

Kwa upande wa mtihani, si lazima swali la dondoo lifutwe. Linaweza kuongezwa swali la tano ambalo kitenzi chenyewe kinaliuliza: kwa nini maneno haya yameteuliwa, na maana yake inabadilika vipi yanapoondolewa mahali pake? Mwanafunzi asiyekisoma kitabu hawezi kulijibu swali hilo kwa kukariri. Aliyekisoma atalijibu, na katika kulijibu ataanza kuwa mhakiki.